Fundi wa Mapaa, Ngora

Wengine huyajua makanisa kwa milango.
Mimi nayajua kwa mgongo,
kama mchunga anavyomjua ng'ombe aliyelala.

La Waprotestanti nilipanda kwanza, baada ya mvua ya mawe,
mimi na mjomba Okiror, misumari midomoni.
Tulibandua mabati yaliyobebwa kichwani, walisema,
kutoka stesheni ya reli, kabla baba hajazaliwa.
Chini ya mabati: nyasi.
Paa la kwanza lenyewe, jeusi, kavu kama tumbaku.
Hakuna aliyeliondoa. Walilifunika tu,
kama mtu avaaye koti juu ya kanzu.
Humo tulikuta kiota, kijiko cha bati,
na mfupa mdogo ambao mjomba aliutia mfukoni
wala hakuutaja tena hadi kufa kwake.

Kengele ya pale ina jina la mji ilikosubuliwa.
Kutu imekula herufi, zimebaki G na L.
Katekista mstaafu anasema ni Glasgow, ng'ambo, kwenye baridi.
Watoto wanasema ni Gulu,
na hakuna wa kuwakatalia,
maana hata Gulu wengi wao hawajafika.

La Wakatoliki ni matofali, ng'ambo ya barabara.
Kila aliyetaka ubatizo alibeba matofali kumi
kutoka tanuri la bondeni, jua likimtazama.
Bibi yangu Asio alikosea hesabu, akabeba kumi na moja,
na alipogundua, akakataa kulitoa la ziada.
Akalijengea jiko.
Ndiyo maana jiko letu lina undugu na altare,
na uji wa mtama ukiungua kwetu
bibi alifanya ishara ya msalaba kwanza, ndipo akatukana.

Baba alisali huku. Mama alisali kule.
Jumapili walitoka nyumba moja, sabuni moja,
wakaachana penye kinu cha pamba bila kuagana,
na barabara ile ya murram, hatua kumi na nne,
ilikuwa pana kuliko ziwa.
Mimi nishike mkono wa nani?
Nikajifunza ngazi.

Juu hakuna huku wala kule.
Popo ni wale wale.
Asubuhi wananing'inia kwa Waprotestanti,
magharibi wanahamia kwa Bikira,
na kinyesi chao hakina dhehebu: kinaozesha mbao zote sawa.

Halafu miaka ya bunduki.
Watu walilala ndani ya yote mawili, mikeka hadi mimbarini,
mbuzi wakifungwa penye kisima cha ubatizo.
Hakuna aliyeuliza kadi.
Mama alilala kwa Waprotestanti miezi saba,
baba kwa Wakatoliki; ndivyo usiku ule wa mbio ulivyowatupa.
Kulipotulia kila mmoja akarudi upande wake,
na mama, nilimsikia, alikuwa akiimba nyimbo za baba jikoni,
sauti ya chini, kama anayeiba.

Mashimo ya risasi niliyaziba mwenyewe, kwa lami na vipande vya debe.
Arobaini na moja huku. Kumi na tisa kule.
Moja sikuliziba.
Saa kumi jioni hupitisha mwanga mwembamba
hadi benchi la tatu, ambapo Apolot, binti wa jirani,
alijifungua kimya, kitambaa kati ya meno,
askari wakipita nje.
Mvua ikinyesha huvuja hapo. Wamenilalamikia.
Huwa nasema: nitakuja.

Sasa padri mpya ana ramani.
Vioo, nguzo nne, maegesho ya magari.
Amenionyesha kwenye simu, kwa kidole safi,
kisha akauliza mabati makuukuu yatauzwa bei gani kwa kilo.
Nikamjibu, kwanza lazima nipime.

Hii ni wiki ya tatu.
Napanda asubuhi, nashuka na popo.
Bado napima.